Migongo Ukutani

Hivi wewe, ukionyeshwa mgongo wa mtu tu, bila uso, bila sauti, unaweza kuapa kwamba ni wa mwanao? Usijibu haraka. Kwenye benchi la mkahawa wa Hedi, kule Jebel Lahmar, Tunis, swali hilo lilikuwa limewakwama watu kooni tangu asubuhi. Wanafunzi wa chuo cha sanaa walipiga video ya rapu palepale mtaani, ikaingia mtandaoni, na kila aliye na simu akaitazama, akiwemo Mabruka, ambaye mtaa mzima humwita Khalti, yaani mama mdogo. Mwanawe, Aymen, alichoma mwezi wa nne. Kuchoma, kwa watu wa pale, ni kuvuka bahari bila karatasi, na tangu apande boti hajapiga simu. Sasa mama wa watu ametuma neno: anakuja benchini kuuliza mgongo mmoja ndani ya video ni wa nani. Aliyekuwa na jibu ni Nizar. Mgongo ulikuwa wake. Koti lilikuwa la Aymen.

Benchi humwita Nizar "Masta". Ana shahada ya pili ya jiografia, na kazi aliyopata nayo ni kuegemea ukuta wa Hedi usije ukaanguka. Siku hiyo alikuwa ameketi na shati jepesi, meno yanagongana. Koti la ngozi alilivua, akalitundika ndani nyuma ya mashine ya kahawa.

— Kosa si la Masta, alisema Bosta, mzee aliyestaafu posta. Kosa ni la binti huyu mwenye video. Video ya rapu ina mambo yake yanayojulikana. Mbwa yuko wapi? Mimi nimetafuta mbwa mpaka mwisho.

— Na pikipiki! alidakia Dishi, fundi wa madishi ya setilaiti, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Pikipiki inyanyuliwe gurudumu la mbele. Halafu fataki nyekundu za uwanja wa mpira, moshi mpaka majirani wakohoe. Msanii yuko mbele, anachokonoa kamera kwa kidole kama anataka kuitoa jicho. Sisi nyuma yake tumekunja sura. Sasa hawa wametazama ukuta! Dakika nne, ukuta! Polisi wakitupekua ndiyo tunasimama hivyo.

— Voilà, alisema Ranim. Umeelewa kuliko walimu wangu.

Ranim ndiye aliyeiongoza video. Ilikuwa kazi yake ya kumalizia chuo. Alikaa ncha ya benchi, kikombe mkononi, hajakigusa.

— Walimu walisemaje? aliuliza Bosta.

— Kwamba nimeikosea adabu fani. Wanataka mbwa kama wewe, ammi. Mbwa yuleyule, kila video yuleyule, nadhani anaishi vizuri kuliko Masta.

— Anakula nyama, alisema Nizar. Mimi nakula vyeti.

— Sikiliza, khuya, ndugu yangu, Ranim alimgeukia Dishi. Mnakunja sura, mtu wa Paris anatazama anasema, loo, vijana wa hatari, inamnogea. Polisi naye anaisimamisha picha, anakuza sura, anachagua wa kufuata nyumbani. Sura zenu zinawafaa wote isipokuwa nyinyi. Nikasema wanyimwe. Mdundo nimeuacha, kofia nimeziacha, na wale wa nyuma nimewaacha, maana bila wale wa nyuma si rapu. Niliyemwondoa ni wa mbele. Msanii amesimama katikati yao, na hamumjui ni yupi.

— Uongo, Dishi alisema. Ni habari ya viza hiyo. Ubalozini wana mashine ya kusoma sura. Ukionekana kwenye rapu mara moja, viza imekufa. Umewageuza ili wasafiri, sema kweli.

— Viza gani? Nizar alimrukia. Mimi walininyima nikiwa na tai! Nimechana nywele, nina shahada mbili na mwaliko wa chuo kikuu, yule bibi wa dirishani hakuinua hata macho.

— Kwa sababu walishakusoma shingo. Usicheke, Masta. Mashine yao inatumia setilaiti, na masafa yake nayajua. Inapima shingo. Hata kwa nyuma wamekwisha kuwasajili.

— Setilaiti ipime shingo ya Nizar, halafu boti ya Aymen isiione?

Bosta alilisema hilo kwa utani. Halikumchekesha mtu, hata yeye. Alipapasa mfuko akitafuta sigara, asipate.

— Mnajua Mabruka mwenyewe anaamini nini? alisema kwa sauti ya chini. Aliniambia asubuhi dukani. Anasema vijana walirudishwa kimyakimya, wamefichwa mahali, na wamekatazwa kuonyesha nyuso. Ndiyo maana video haina sura hata moja.

Ranim aliweka kikombe chini.

— Ya rabbi. Naifuta. Naifuta sasa hivi.

— Utaifuta kwenye macho yake? Nizar aliuliza.

— Mimi sikujua koti ni la nani! Nilisema njooni na nguo zenu!

— Na mimi nguo ya baridi ninayo hiyo moja. Nilijua kamera haitaniona uso, nikajua basi haitaniona. Jiografia yote ile, wallah, sikujua mgongo nao una jina.

— Msimwambie, alisema Dishi, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Mwambieni alipita hapa. Mwambieni yuko Sfax, kule pwani, anavua samaki.

— Halafu akiomba nauli ya Sfax? Nizar aliuliza.

— Tutamchangia.

— Akifika ashuke nyumba gani, Dishi? Nipe anwani, nimwandikie.

Dishi aligeukia ngazi za mtaa. Na Khalti Mabruka alikuwa ameshatokea hapo, kandambili za nyumbani miguuni, simu ameishika kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa mchuzi.

— Aslema, wanangu.

— Aslema, khalti. Kaa, kaa hapa.

— Sikai. Alinyoosha simu. Huyu, wa tatu kutoka kushoto. Bega la koti lilichanika uwanjani, nikamshonea kwa uzi wa kijani, mweusi ulikuwa umeniishia. Mshono unaonekana huu hapa. Binti, mlipiga lini?

— Mwezi huu, khalti.

— Mwezi huu. Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. Basi niambieni kitu kimoja, siulizi kingine. Kama mwanangu yupo hapa Tunis mwezi huu, mbona hajaja nyumbani kula?

Mashine ya Hedi ilikoroma ndani, ikanyamaza. Bosta alikoroga kikombe kilichokuwa kitupu tangu zamani.

— Labda ni aibu, Mabruka, alisema. Kijana akirudishwa, unajua, anaona haya…

— Yezzi, Bosta. Inatosha.

Nizar aliinuka, akaingia ndani. Akatoka amevaa koti. Hakumtazama mama usoni. Aliusogelea ukuta, akaukabili kama alivyoukabili siku ya kamera, mikono chini.

— Ni mimi, khalti. Nisamehe. Ni mimi.

Alisikia kandambili zikija. Kisha kiganja begani, na kidole kimoja kikipita juu ya uzi, taratibu, hadi mwisho wa mshono, kikarudi.

— Ulilitoa wapi?

— Alinipa mwenyewe, siku ya kuondoka. Alisema ngozi ikilowa inamvuta mtu chini.

— Alisema hivyo?

— Wallah, khalti.

— Kwa hiyo alijua atalowa.

Dishi aliinamisha kichwa. Nizar alianza kulivua koti, mkono mmoja umekwisha toka.

— Vaa, ya weldi, vaa mwanangu. Kuna baridi.

Mama akamgeukia Ranim. Machoni hakuwa na chozi, na hilo ndilo lililowaogopesha.

— Wewe binti wa video. Kamera yako iko wapi?

— Nina simu tu, khalti.

— Yatosha. Washa.

Ranim aliwasha, akaanza kumzunguka.

— Nikupige kwa nyuma?

— Kwa nyuma kwa nini? Mimi sijamficha mtu.

Akasimama mbele ya ukuta, akakaza kitambaa kichwani, akaikodolea simu macho.

— Nyinyi mliokabidhiwa bahari, wa huku na wa ng'ambo, mnaolipwa kuilinda. Mwanangu anaitwa Aymen, na mimi ni Mabruka binti Salah. Boti yake ilipita mbele ya rada zenu, na rada mnatuambia hazikosi kitu. Nilikuja ofisini kwenu, mkanichukua mate ya kipimo cha DNA kwa kijiti cha pamba, mkasema nenda nyumbani, tutakupigia. Msinipigie. Kama mmemfunga, fungueni mlango nimwone. Kama mmemzika bila jina, nionyesheni kaburi nikae kichwani pake. Na kama bado yuko majini, tokeni kwenye hizo ofisi, mkamtoe.