Neno la Kuwatoa Watu Bondeni

Kwa Placida, njia panda ya kwenda Rubwera, kuna benchi moja tu, na kahawa yake chungu huwatoa watu ukweli na uongo kwa kipimo kilekile. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na kazi ya serikali, msicheke. Mwalimu mstaafu Protase, waliyemwita Kamusi, alikuwa anaandika barua ya kijiji kwenda wilayani kuhusu bonde wanalogombea na kijiji cha ng'ambo. Gaudiosus, yaani Redio, alikuwa anamsahihisha bila kuombwa. Katikati alikaa Hagenimana, kifua mbele, aliyejipachika mwenyewe jina la Mzalendo. Babu yake alitoka Rwanda, na yeye kazaliwa hapahapa, lakini kila ukizuka ugomvi wa mipaka humwingia hofu kwamba leo ataulizwa kwao wapi. Dawa ya hofu hiyo, aliamini, ni kupiga kelele kuliko wote.

— Niandike "wameingia" bondeni? — Kamusi akauliza, kalamu juu.

— Wameingia! Kwani ni harusini? — Redio akang'aka. — Jana nimesikiliza stesheni mbili. Moja inasema mji umekombolewa, nyingine inasema umetekwa. Mji uleule, asubuhi ileile! Vita ni maneno bwana, bunduki ni karani tu.

— Hapo umenena, — Kamusi akaitikia. — Ukiandika "wamehamia", watatuletea mtu wa sensa. Ukiandika "tunagombea", watatuletea msuluhishi. Neno ndilo linalochagua gari litakalokuja.

— Basi tuchague lenye king'ora! — Mzalendo akadakia. — Andika "wavamizi". Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Majembe wanayo, ndiyo shida yenyewe, — Placida akasema huku akimimina.

— Na bonde tulipe jina jipya, — Redio akazidi kupanda. — Wao wanaliita la Malisho. Sisi tuliite la Urithi. Jina likikolea, hata mto wenyewe utahamia upande wetu. Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe.

— Kwa hiyo tuwape bonde?

— Mama, wewe mimina.

Kamusi akakuna kichwa.

— Sasa wilaya itauliza, mvamizi ni yupi? Lazima nieleze.

— Wote wanaolima ng'ambo ya milamula! — Mzalendo akasimama kabisa. Milamula ni ile miti ya mpaka, waliyoipanda wazee kwenye ukingo wa bonde. — Wote, bila kubagua! Waondoke kabla ya mvua! Tena weka "sugu".

Kichwani mwake wavamizi walikuwa na sura za watu wa ng'ambo tu. Kamusi akaandika "wavamizi sugu", Mzalendo akatia saini wa kwanza, na bodaboda akaondoka na bahasha. Wakagongeana vikombe. Hagenimana alijisikia mwenyeji kuliko mlima.

Haikupita nusu saa, mkewe Mukakalisa akatokea, kikapu kitupu kichwani.

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba, Mama Hirwa.

— Baba Hirwa, nimepishana na bodaboda anajigamba kabeba barua ya kuwatoa wote wanaolima ng'ambo ya milamula. Si ndiko kijiji kilikotugawia shamba, mwaka ule tulipobanwa na uhaba wa ardhi? Hatuna jingine la maharage. Nayo yamekauka, na wa kunisaidia wananingoja. Nikavune, au nami ni mvamizi?

Kamusi akavua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

— Kimsingi, — Kamusi akajaribu, — hilo neno "wote"...

Hagenimana aliona aibu. Alitaka kusema sisi si wavamizi, sisi ni watu wa hapa, muulizeni yeyote. Ila wa kuulizwa ndio hao waliokaa naye, na kila mmoja alikuwa anachungulia kikombe chake. Placida akainamisha birika, likatoa mashapo ya kahawa matupu.

— Baba Hirwa, jua linapanda, — Mukakalisa akasema. — Nikavune?