Aliyekunywa Kahawa ya Mgeni

Ukishuka kwenye basi la 71 kabla hujafika Flagey, ukakata kona pale harufu ya samaki mkavu inapokutana na harufu ya bizari, utaliona benchi. Limeegemea dirisha la duka la Papa Harshad, na jua la Brussels, siku zile chache linapojikumbuka, huanzia hapo. Jumamosi mchana thermos kubwa inatoka ndani, vikombe vinafuata, na mwisho kinatoka kikombe cha bati cha buluu ambacho mwenyeji wa kijiwe hakigusi. Hicho ni cha mgeni. Kinajazwa, kinafunikwa kisahani, kinangoja yeyote aliyeshuka stesheni ya Gare du Nord siku hiyo bila pa kwenda, akaambiwa na msamaria fulani: nenda kwa yule Muhindi anayesema Kiswahili. Kahawa ikipoa inapashwa moto tena. Asipokuja mtu, jioni inamwagiwa maua ya dirishani, na maua yale, bila mzaha, yanapendeza kuliko yote mtaani.

Jumamosi ile Lucienne alifika akiwa amechoka kwa furaha, maana wiki nzima alikuwa akiwahudumia wazee kwenye makao yao, maison de repos, na sasa hakuna aliyekuwa akimwita ila kwa jina la kijiwe: Maman Arbitre. Hilo alipewa kwa sababu yeye, kama refa, ndiye anayepuliza filimbi maneno yakizidi. Alimkuta Papa Harshad amekaa na thermos mapajani, hamimini.

— Papa Harshad, leo haucheke. Kuko nini?

— Kuko dimanche, maman.

— Dimanche iko kila semaine, papa.

— Ya kesho iko ingine.

Akaeleza. Kesho Jumapili chama cha Wahindi wenzake kinakutana ukumbini kuzungumza habari za India ya kale, na yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri, atafungua kwa maneno mafupi. Rais wa chama ni Nilesh, mume wa binti yake, kijana wa kompyuta, mwenye akili na haraka. Nilesh amemwambia la kusema: mababu zetu hawakutoka popote. Lugha, farasi, elimu, vyote vilizaliwa palepale, na anayesema baadhi yao walikuja kutoka nje anarudia uongo wa wakoloni.

— Na weye unaona je? Lucienne akauliza.

— Miye nilizaliwa Lubumbashi, maman! Nkambo yangu, baba ya baba yangu, alitoka Gujarat na sanduku moja. Nitasimama mbele ya batu niseme siye hatukutoka fasi yoyote? Na nikikatala, Nilesh atapata haya mbele ya bote, na mutoto yangu njo ataumia, juu iko bwana yake. Bon. Munisaidie. Munipatie maneno.

Hapo ndipo alipokosea. Kijiwe hakiombwi maneno. Kijiwe kinaombwa kunyamaza, nacho hukataa.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Rigobert, dereva wa teksi, aliyesoma historia chuo kikuu cha Lubumbashi mwaka mmoja tu na anauheshimu mwaka huo kuliko ndoa yake. Wanamwita Rekta, yaani mkuu wa chuo.

— Scientifiquement, ile mambo iko simple. Mumimine kahawa, munipatie bikombe.

Vikamiminwa. Akavipanga juu ya benchi, vikitoa mvuke.

— Hii njo muji ya zamani sana ya Inde. Matofali, barabara sawasawa, mifereji ya maji machafu. Hii ya pili. Mvuke iko batu banapika. Alors, bazungu bakafika, bakasema nini? Ile kintu yote ya akili ilikuya na batu ya inje, bale ba farasi. Sawa balisema kwetu Afrika: ukuta ya mawe ikiwa muzuri, basi mugeni njo aliijenga. Donc Nilesh iko na raison, alisema kweli.

— Iko na raison nusu, Papa Harshad akasema. Ile hasira yake naijua. Ata miye niko nayo.

— Sasa hao wa farasi walipita wapi? akadakia Amissi.

Amissi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, msafishaji wa maofisi kwenye yale maghorofa ya Gare du Nord, na simu yake inanasa kila habari iliyosemwa na isiyosemwa. Jina lake hapa ni Antena. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha buluu kilichokwisha kujazwa, akakivua kisahani na kukiweka kikombe hicho ukingoni mwa benchi.

— Hii ndiyo milima ya kaskazini. Mlango. Wamepitia hapa.

— Antena, ile ni ya mugeni, Lucienne akaonya.

— Naazima tu, mama. Wallahi siinywi. Ni mlango.

Lucienne akaacha. Baadaye alijiuliza filimbi yake ilikuwa wapi.

— Lakini mimi, Amissi akaendelea, nimeona video. Wahindi wa zamani walikuwa na magari ya kuruka. Farasi wa nini, mtu anaruka?

— Ilikuwa inaruka na nini? Rekta akauliza, macho yakimng'aa.

— Video haikusema.

— Juu haijue! Batterie, mon cher. Kintu ya kuruka inaomba batterie. Batterie inaomba nini? Cobalt. Cobalt inatoka wapi?

— Kolwezi, Lucienne akajikuta anajibu.

— Voilà! Inde ya zamani iliruka na cobalt ya Katanga. Nilesh aandike ile.

Papa Harshad akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, mpaka ikabidi aweke thermos chini. Lucienne alifurahi kukiona kicheko kile. Angeweza kumpa Rekta Katanga nzima kwa ajili yake.

— Na ile maandishi yabo, Rekta akazidi, amepewa upepo sasa, bazungu banashindwa kuisoma, Bahindi banashindwa kuisoma. Kwa nini? Juu hakuna mutu alijaribu na Kiluba. Nkambo yangu angesoma ile sans lunettes, bila miwani!

— Basi na chapati ni ya Buyenzi, Amissi akasema. Mama yangu alikuwa anazipika kabla ya huo mji.

— Mama yako iko na miaka mingapi?

— Usiulize umri wa mama wa mtu.

Wakabishana hivyo, na kila aliyetaka kuhamisha mji aliunywa kwanza. Thermos ikazunguka, ikawa nyepesi. Mji wa matofali ukaisha, wa pili ukabaki na masimbi ya kahawa chini. Wakarudi palepale: nani mwenye nchi na nani mgeni. Rekta akasimama.

— Kila fasi iko na benye fasi, na iko na bale balikuya. Haina siri. Ata kwetu Katanga, benye kutoka Kasai...

Alikuwa amemwona Lucienne.

Lucienne alikuwa mtoto pale mji wa Likasi, Katanga, ulipoamua kwamba baba yake, aliyezaliwa Likasi na kufanya kazi Likasi, ni mtu wa Kasai. Walilala stesheni na maelfu ya wengine wakingoja treni ya kuwapeleka kwao, na huko kwao baba hakuwahi kufika. Anachokumbuka zaidi ya baridi ya saruji ni swali. Kila aliyepita aliuliza, askari, muuza maji, hata mtoto mwenzake: weye ni wa wapi?

— Pardon, maman, Rekta akasema. Miye sikutaka...

— Ninajua, Rigo.

— Kwetu ilikuwa mu vitabu vya shule, Amissi akasema polepole, na simu akaiweka mfukoni. Hawa walitoka mbali huko Ethiopia, hawa walikuwa wa kwanza. Hakuna aliyeona. Mwalimu hakuona, na mzungu aliyeandika hakuona. Lakini watu walikufa, mama. Jirani zetu walikufa.

Basi likapita kule barabarani. Rekta aliona aibu kweli, na mkono wake ukapapasa kitu cha kushika, ukakipata, ukakipeleka mdomoni. Akanywa mpaka chini.

Ndipo ikasikika gurudumu bovu la sanduku likikwaruza njia. Msichana, koti lake jembamba la hali ya hewa ya Kolwezi, pua ikimtoka maji kwa baridi, alisimama mbele yao akiwatazama mmoja mmoja.

— Bonjour ba papa, bonjour maman. Jina yangu Keren. Ni hapa kwa Muhindi ya Kiswahili? Mutu moja ku Gare du Nord alinielekeza. Alisema kuko kahawa ya mugeni. Iko wapi?

Amissi aliitikisa thermos, haikulia. Rekta aliangalia mkononi mwake akakuta ameshika kikombe cha buluu, kitupu, na mwaka wake mmoja wa chuo kikuu haukumsaidia kitu. Wote watatu, yeye, Amissi na Lucienne, walikuwa wameanzia kwenye kikombe hicho. Hakuna aliyekuja Brussels akakaa kwenye benchi hili bila kukinywea kwanza.

Lucienne aliikumbuka siku yake ya kwanza. Desturi haikuwapo bado. Alikuja na sanduku kama hili, na njia nzima, ndani ya ndege na nje ya ndege, alikuwa amelipanga jibu la lile swali: aseme Likasi, aseme Kasai, aseme kwao mama au kwao baba. Papa Harshad alikuwa peke yake kwenye benchi, anakunywa kahawa yake ya mwisho kwenye kikombe cha bati. Alimtazama, akampa kikombe kile kile alichokuwa amekionja, akauliza neno moja: sukari unaweka? Lucienne alilia katikati ya masanduku ya ndizi mpaka wateja wakampisha. Anamshukuru Mungu kwa swali lile, na anamshukuru aliyeliuliza, na Jumamosi hazijamtosha kumaliza.

Papa Harshad akasimama. Alikichukua kikombe mkononi mwa Rekta bila kumgombeza.

— Maman Arbitre, nimepata maneno ya dimanche.

— Gani, papa?

— Nitasema asante.

— Njo hiyo tu?

— Nkambo yangu akifika Katanga, kuko mutu alimupatia fasi ya kulala. Jina yake hatuijue. Na bale ba zamani sana, kama balitoka mbali, kuko mutu alibapatia maji. Sasa nikisema siye hatukutoka fasi yoyote, hakuna mutu wa kuambia asante. Na miye, maman, niko na asante mingi. Nitaipeleka wapi?

— Na Nilesh? Atakasirika.

— Atakasirika kidogo. Siku alishuka ndege ku Zaventem mu baridi, miye njo nilimupokea, nikamuvalisha blouson yangu. Ataikumbuka. Na asipoikumbuka kesho, nitamukalia karibu mpaka aikumbuke.

Akaingia ndani. Wakasikia maji yakifunguliwa, kisha sauti ya moto. Rekta akaokota miji yote ya India ya kale, akaipeleka jikoni kuiosha, jambo ambalo mke wake asingeliamini. Amissi akalivuta sanduku la Keren mpaka ukutani na kulikagua lile gurudumu.

Papa Harshad alirudi na kikombe cha buluu kinafuka moshi. Rekta alikuwa nyuma yake, mikono imelowa, akimtazama msichana kwa hamu ya kusaidia.

— Mutoto, weye ni wa...

Akalimeza swali. Hakuna aliyempulizia filimbi.

— Sukari unaweka? Papa Harshad akauliza.

— Mingi, papa, Keren akasema. Mingi sana.

Lucienne akasogea, na msichana akaketi.