Kanga Aliyoikunja Mama Lucinda

Baba Padre, wazee wetu, ndugu na majirani mliotoka Rahaleo, Naliendele na ng'ambo ya mto, familia imekubaliana kwamba maisha ya mama yetu yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na pale panapouma, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kutuonya kwamba tukimsifia uongo atakohoa ndani ya jeneza.

Marehemu Elsa Manuel, ambaye wengi mlimwita Mama Lucinda, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 hapa hapa Mahurunga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Manuel Valdemar na Bibi Mariamu, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kulima mpunga upande huu, na alipata elimu ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akasifika kwa hesabu na kwa ubishi, sifa ambazo walimu wake walishindwa kuamua ipi imezidi.

Mwaka 1983 alianza kibarua cha kumwagilia katika kitalu cha miche ya mikorosho Naliendele, akajifunza kubebesha, yaani kuchukua kikonyo cha mkorosho mzuri na kukiunga kwenye mche mchanga, akaajiriwa mwaka 1986, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu Agosti 2022. Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na marehemu Yusufu Chitanda, fundi seremala wa Rahaleo, mjini, wakaishi huko, wakajaliwa watoto wawili, Lucinda aliyezaliwa mwaka 1990 na Valdemar aliyezaliwa mwaka 1994, na baada ya mumewe kufariki mwaka 2007 aliwalea peke yake, kwa mkono mkali na mdomo mkali zaidi, maana siku hizo mama yetu alikuwa mtu wa kulazimisha mambo, hata wali ulioko jikoni aliufunua kila mara kana kwamba ungeiva kwa kuogopa.

Mwaka 2011 mgongo ulimwangusha, akapelekwa kwa daktari mmoja wa Kichina aliyekuwa akitibu kwa sindano nyembamba, na daktari yule, kupitia kwa mkalimani, alimwambia kwamba mgongo hauumwi na ndoo bali unaumwa na ugomvi, akamfundisha kupumua taratibu na kusimama kimya kila asubuhi, akamsimulia habari za Tao, yaani Njia, ambayo mtu huifuata kwa kuacha kushindana na mambo yaliyo na mwendo wake. Mama aliyashika mafundisho hayo kwa ubishi ule ule aliokuwa akibishia nao kila kitu, kila asubuhi akasimama uwani mikono mbele, majirani wakacheka kwamba mjane anakumbatia hewa, wengine wakanong'ona mambo ya ushirikina, na Baba Padre alipomwita kumuuliza, alijibu kwamba yeye anapumua tu, na kwamba sala humtoka vizuri zaidi akishapumua. Kitaluni aliwaambia vijana wasikisukume kisu bali wafuate mti unavyotaka kukatwa, kwenye bomba la maji alianza kuwapisha wenye haraka, na wanawe, waliozoea kufokewa, kwa mara ya kwanza waliulizwa wanaonaje.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo panapouma. Katika ukoo wa mama yake iko desturi kwamba mzazi asiyeridhia safari ya mwanawe huvua kanga ya begani na kuitandika kizingitini, na mtoto, hata awe na ndevu, haivuki. Tarehe 3 Februari 2019 Valdemar aliaga kwamba anakwenda Msumbiji kutafuta kazi kwa ndugu za babu yake, ilhali mvua ilikuwa haijakatika, Ruvuma imefura, na habari kutoka kivuko cha Kilambo zilikuwa kwamba watu wanavushwa kwa mitumbwi midogo. Moyo wa mama ulikataa, akaivua kanga, akasimama nayo mlangoni, kisha akajiambia kwamba safari ya mtu ni kama mto, haizuiwi kwa mkono, akaikunja, akairudisha begani, akamtakia mwanawe safari njema. Jioni hiyo mtumbwi ulipinduka, na mpaka leo Valdemar hatujamwona wala kumzika.

Siku ya kuanua tanga Lucinda alisimama mbele ya watu akasema kwamba mama amemtoa mdogo wake kwa maneno ya Kichina, akahamia Masasi, na kwa miaka zaidi ya mitano hakumpigia mama simu wala kupokea yake. Mama hakujitetea, aliendelea kusimama uwani asubuhi, lakini mikono aliiacha ikining'inia, na kanga ile hakuivaa tena.

Novemba 2024 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, na Lucinda, aliposikia, alirudi siku ya pili yake, akamuuguza bila kutaja yaliyopita. Tarehe 5 Mei 2025 mama, akiwa amelazwa, aliomba arudishwe Mahurunga akafie alikozaliwa, akaanza kushuka kitandani mwenyewe, ndipo Lucinda akaitoa kanga ile kwenye mkoba wa mama, akaitandika kwenye mlango wa wodi, akalia. Mama aliitazama, akacheka, akarudi kukaa, akamwambia mwanawe kwamba laiti yeye Lucinda ndiye angekuwa mama yake Valdemar, kijana angebaki, kwamba maji hayagombani na mwamba lakini yakiufikia husikika mbali, ila yeye mama, siku ile ya Februari, alinyamaza kwa kuogopa kuwa mkali tena, akauvika woga wake jina la hekima, na Njia haina kosa. Tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, alifariki katika kitanda hicho, mbali na mto aliouomba, na Lucinda tangu Ijumaa hiyo hajala, akiamini kwamba safari hii kosa ni la kuitandika kanga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kipekee muuguzi Asha, ambaye siku ile alisimama nje na sinia lake la dawa mpaka kanga ilipoondolewa, inawashukuru wenzake wa kitaluni, majirani wa Rahaleo waliocheka na baadaye wakaja kusimama naye uwani, na vijana wa Kilambo waliomtafuta Valdemar mtoni mpaka wakaugua.

Leo asubuhi, jeneza lilipofikishwa mlangoni kutolewa nje, tulikuta kanga imetandikwa tena kizingitini na Lucinda ameketi kando yake, wabebaji wakasimama na mzigo wao mabegani, hakuna aliyemfokea wala aliyemshika mkono, tukangoja, mpaka alipoinama mwenyewe, akaikunja, akaiweka begani kwake. Mama, mtoto wako amekuruhusu, na sasa mto uko karibu nawe. Pumzika kwa amani, na ukimkuta Valdemar, mfokee kidogo.