Mama Vifungo na Karatasi ya Biskuti

Ifikapo tarehe 30 Juni, mwalimu mwenzetu wa darasa la kwanza atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi, na siku hiyohiyo atastaafu. Walimu tunamwita Mama Vifungo. Wazazi nao wanamwita hivyo, na yuko babu mmoja anayeamini hadi leo kwamba shule yetu imeajiri fundi cherehani.

Jina limetokana na kopo la maziwa lililojaa vifungo. Wiki ya kwanza ya kila mwaka, wakati sisi wengine tunahangaika na vilio na mabegi yaliyopotea, yeye hukaa sakafuni na wanafunzi wapya, mmoja mmoja. Mtoto atavipanga vifungo kwa rangi, atavitunga kwenye uzi, atavihesabu, atavitungia na hadithi akitaka. Mtoto anajua anacheza. Mama Vifungo anatazama macho, vidole, ulimi na masikio. Atakayeonekana anahitaji msaada hupewa nusu saa kila asubuhi katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, hadi awafikie wenzake. Ukimwambia tusubiri kwanza tuone, atakujibu kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Naye hukosea, asiyekosea ni nani? Zamani alipima masikio kwa karatasi ya biskuti. Aliichakarisha nyuma ya mtoto, na hakuna mtoto aliyeacha kugeuka, mpaka alipokuja binti wa mpishi wa shule. Binti huyo hakunakili chochote ubaoni, na akinyooshewa kidole ajibu, alikaa kimya. Ilikuwa imeshaamuliwa arudi nyumbani akakomae mwaka mmoja zaidi. Mama yake alilia ofisini, maana mtoto alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba sasa yeye ni mwanafunzi.

Mama Vifungo akachakarisha karatasi yake. Binti wala hakutikisika. Mwalimu akatangaza kwa uhakika kwamba tatizo ni masikio. Jibu la kliniki likarudi: masikio mazima kama ya sungura. Alipoelezwa kipimo kilivyofanywa, mama mtu alicheka hadi akakaa chini. Nyumbani kwao, alisema, mtoto mwenye adabu hageukii chakula cha watu.

Mama Vifungo alicheka naye, kisha akaomba aachiwe mtoto yule muhula mmoja tu. Akarudi kwenye kopo lake. Safari hii aliona kwamba binti analeta kila kifungo hadi puani kabla ya kuhesabu matundu. Kumbe ni macho. Miwani ikapatikana, stoo ya mafagio ikafanya kazi yake, na muhula ulipokwisha binti alikuwa anasoma ukurasa mzima, tena kwa sauti ya kukera majirani. Hakurudishwa nyumbani. Iliyostaafishwa ni karatasi ya biskuti. Siku hizi masikio yanapimwa kwa kutikisa kopo.

Kopo linabaki shuleni. Sote tumeshafundishwa kulitumia, wengine kwa kukaripiwa.

Mama Vifungo, asante kwa kila mtoto uliyekataa kumkatia tamaa. Tunakupenda na tutakukumbuka. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi na wajukuu wa kukusumbua. Wasifu huu tumempa binti wa mpishi akusomee. Yuko darasa la saba sasa, na hiyo miwani aliyovaa ni ya nne. Akimaliza kusoma, utasikia karatasi ikichakarika nyuma yako. Adabu weka kando, mwalimu wetu. Geuka, biskuti ni zako.