Mfalme Aliyeliwa Kijiweni

Jumamosi ile Fundi baiskeli alibeba ubao wa sataranji kichwani, mdogo mdogo, mpaka kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi. Binti yake aliupanga siku aliyoondoka kurudi chuoni, akaacha na kikaratasi: “Baba, nyeupe inaanza. Mfunge mfalme mweusi. Ukishindwa, mpe shaha isiyokwisha.” Fundi, kwa kuogopa kete zitahama, alizigandisha zote kwa gundi ya viraka. Sataranji haijui. Yeye na binti walikuwa watu wa drafti tangu mtoto ana mapengo, lakini siku hizi kwenye meseji wamebaki na “Umekula?” “Nimekula.” Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Binti anarudi leo, na jibu hana.

— Shaha ndiyo nini? Kinyozi aliuliza, akimimina kahawa.

— Kumtisha mfalme, alisema Fundi. Akikosa pa kukimbilia, umemfunga.

— Na hiyo isiyokwisha?

— Unamtisha, anakimbia. Unamtisha, anarudi. Hashindi mtu.

— Aa, ndoa yangu hiyo!

Mlinzi wa ghala, waliyemwita Wakili kwa kutetea hata asiyemwomba, alikohoa.

— Kwanza, huyu malkia mweupe ni mke wa nani? Kama mumewe ana undugu na huyu mweusi, basi ni shemeji yake. Shemeji hafungwi, anaitiwa kikao.

— Kikao gani! Tumia farasi, alisema Kinyozi. Farasi anaruka. Atoke nje ya ubao, azunguke benchi, amvamie kwa nyuma.

— Farasi mwenyewe umemgandisha, Fundi, alisema Wakili. Haki iko wapi?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kinyozi, akainama kuchungulia chini ya ubao.

— Umeona nini? Fundi aliuliza.

— Mbao.

Fundi alishika kichwa. Kila walivyosaidia, ndivyo alivyozidi kupotea.

— Mnajitesa bure, alisema Wakili. Kwenye drafti, mtu akikaa vibaya mbele yako unamfanyaje?

— Unamla! alidakia Kinyozi.

— Lakini mfalme analiwa kweli? Fundi aliuliza.

— Asiyekuwepo na lake halipo. Nipe bisibisi.

Wakili akambandua mfalme mweusi, rangi ya ubao ikatoka naye. Wakapongezana. Fundi akapokea bisibisi yake, moyo umetua kidogo.

Ndipo binti akatokea, begi mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba!

Akautazama ubao.

— Baba, mfalme yuko wapi?

— Tumemla, mwanangu.

Binti alicheka mpaka akaketi juu ya begi. Kisha kicheko kikakatika.

— Hili fumbo hata mimi limenishinda. Nilikuachia ili unipigie uniulize, tubishane kama zamani. Wiki mbili nzima nasubiri simu. Mbona hukupiga, baba?

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili aliinua kikombe kilichokwisha kahawa, akajifanya anakunywa. Fundi alibaki na bisibisi mkononi, machozi yanamlengalenga.