Kopo la Mama Mkwe

Ndani ya treni ya asubuhi, nesi wa kliniki ya watoto alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Pale alikaa fundi wa kuchomelea vyuma, kifua kimejaa hadi vifungo vya shati vinaomba msamaha. Mama mmoja wa makamo akamtania, "Mwanangu, mwili huo unaulisha nini, na nyama ilivyopanda bei?"

"Nyama siigusi, mama. Mayai nayo siyawezi. Mama mkwe hutuletea kopo la maziwa ya unga ya mtoto kila mwezi. Nachota vijiko sita alfajiri, mke wangu hajaamka. Protini tupu!"

Mama akashika mdomo. "Ya mtoto? Na yeye anakunywa nini?"

"Hayo hayo. Mke wangu anayakoroga mepesi, eti kopo siku hizi haliwahi kufika mwisho wa mwezi."

"Huna hata haya! Ana umri gani?"

"Miezi saba. Ila hapandi uzito, sijui kwa nini. Yeye na mama yake wako kliniki hapo mbele, nawafuata."

Treni ikasimama. Fundi akaaga kwa adabu, akashuka. Nesi akashuka nyuma yake. Zamu ya kupima uzito leo ilikuwa yake.