Kanga Niliyoirudisha China

Bwana apewe sifa, wapendwa, na apewe sifa tena kwa ajili yangu mimi Tabitha, mke wa Mzee Yona fundi cherehani, wa hapa hapa Korogwe. Darasa niliishia la tatu, kwa hiyo nikiandika kombokombo mnivumilie. Nashuhudia jinsi alivyonitoa kwenye wivu. Si wivu wa mume, huo ulikwisha zamani, maana Mzee Yona siku hizi ukimpa mke wa pili atamwomba kwanza amtafutie miwani.

Ndugu zangu, wivu wangu ulikuwa wa mtoto. Sisi hatukujaliwa kuzaa. Nimebeba watoto wa watu mgongoni tangu ujana, jioni mama zao wanakuja kuwachukua, mgongo unabaki na baridi.

Sasa mzee alikuwa na mdogo wake, wifi yangu Yunisi, mfanyabiashara wa vitambaa huko Guangzhou, China. Akazaa binti kule, Neema. Baba wa mtoto alishika njia yake, huyo tumwache. Neema akiwa na miaka minane, Yunisi akaugua akafariki. Aliyebaki na mtoto ni Mchina mmoja mwenye duka la vitambaa soko la Zhongda, Yunisi alikuwa mteja wake na alipanga chumba juu ya duka lake. Wanamwita Mama Lin. Makaratasi yakazunguka miaka mitatu, ninyi mkituombea, mpaka tukaitwa: njooni mumchukue mtoto awe wenu kisheria.

Kabla ya safari nilikwenda gulioni kumtafutia huyo Mama Lin kanga ya shukrani. Ndivyo nilivyomwambia mzee. Muuza kanga akanitandazia zenye maneno ya heri, nikazipita zote. Nikachukua iliyoandikwa CHA MWENZIO SI CHAKO, TAFUTA CHAKO. Mwanamke wa hapa akiletewa kanga kama hiyo anajua ametukanwa mlangoni kwake. Nilijua Mchina hatasoma. Nilitaka aivae, anishukuru, mimi nicheke moyoni. Ndugu zangu, mtu nimeokoka miaka ishirini, naongoza maombi ya akina mama, na hapo hapo nafunga sumu kwenye karatasi ya zawadi!

Tukafika. Zhongda ni vichochoro vya vitambaa hadi macho yanachoka, mikokoteni ya majora inakupigia kelele upishe. Mzee Yona akawa anapapasa vitambaa tu, fundi amefika peponi kabla ya kufa. Mimi nilimwangalia Neema. Mrefu kama Yunisi, nywele zimesukwa mistari minyoofu. Nikamuuliza nani kakusuka vizuri hivi. Akasema, "Mama," akamwonyesha Mama Lin, kimama kifupi chenye futi ya kupimia shingoni. Kumbe huyo Mama Lin alifundishwa kusuka na Wakongo wanaokuja kununua mzigo pale. Lile neno "Mama" lilinikaa kooni kama mwiba.

Na mwiba nautaja kwa sababu siku ya pili tulikula samaki. Mama Lin akawa anamchambulia Neema miiba kwa vijiti, anamwekea bakulini. Na mimi nikachambua wangu kwa vidole, nikamwekea. Akaniambia, "Asante, shangazi," maana ndivyo alivyozoea kumwita mke wa mjomba. Akaanza kula wa Mama Lin. Mnacheka, lakini siku ile hata usingizi wa mchana sikuupata.

Jioni ile, maana kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya kwenda ofisi ya serikali kukabidhiwa mtoto, nikaona saa imefika, nikatoa zawadi pale dukani. Mama Lin alijua Kiswahili cha soko: bei, dazeni, hakuna punguza. Akapitisha kidole kwenye yale maandishi, akamsemesha Neema Kichina, nikaelewa anamwomba amsomee. Na mtoto Kiswahili anasoma, marehemu Yunisi alimfundisha. Sikuwa nimelifikiria hilo!

Neema akasoma kimya. Akaniangalia. Sijapata kuangaliwa hivyo hata na mtu mzima. Kisha akamwambia Mama Lin maneno mafupi. Mama Lin akaangalia maandishi, akamwangalia mtoto, akajifunga kanga juu ya suruali yake, akaniinamia.

Nikamuuliza mtoto, "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia imeandikwa asante kwa kunilea." Akaenda zake kupanga majora.

Hapo mwenye akili angetubu. Mimi nikaona nimepona.

Asubuhi ofisini, Mama Lin akaja amevaa ile kanga. Kule mtoto mkubwa huulizwa mwenyewe kama anakubali. Afisa wa pale akamuuliza, Neema akatikisa kichwa kukataa. Akamuuliza tena, akatikisa tena. Halafu akamgeukia mzee:

"Mjomba, wewe nakupenda. Lakini shangazi hampendi mama. Mama akija kunitembelea, shangazi atamfukuza."

Afisa akafunga jalada, akatutoa nje tukazungumze. Akikataa tena, safari yetu imekwisha. Mzee Yona hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Tabitha, mtoto ameona nini kwako?"

Ndugu zangu, nilijua ni ile kanga. Nikaomba moyoni, Bwana nisaidie niseme. Nikapiga magoti mbele ya Mama Lin pale kwenye benchi, nikashika pindo la kanga. Nikamwambia, "Hapa hakuna asante. Hapa matusi. Mimi nina wivu na wewe."

Akaniinua. "Najua," akasema. "Hii mimi nauza. Miaka mingi. Mama wa kwenu anapenda sana hii. Dazeni, dazeni."

Kumbe nilibeba mzigo wa China nikaurudisha China, tena kwa mwenye duka!

Nikamuuliza, sasa kwa nini umeivaa. Akamwonyesha Neema kwa kidevu. "Mimi nauliza mtoto, nione atasema nini. Mtoto ametafuta maneno mazuri. Mimi navaa maneno ya mtoto."

Nililia, wapendwa, mpaka walinzi wakaja kuuliza. Na katika kulia kule kitu kikanitoka kifuani, nikasikia kabisa kinatoka. Nikamwita Neema, nikamwambia, "Mama yako ni huyu. Akija Korogwe atalala kitanda changu, mimi nitalala chini."

"Na ukimkasirikia?"

"Nitamkasirikia, mimi ni mtu wa hasira. Lakini sitamfukuza."

Neema akaingia mlango wa afisa peke yake. Aliyoyasema sikuyajua, yalikuwa ya Kichina. Nilichoona ni afisa anafungua jalada, ananisogezea kalamu.

Neema yuko nyumbani sasa. Kila Jumapili baada ya ibada anaongea na Mama Lin kwa simu, wanacheka, mimi sielewi hata neno. Wivu huja bado, nisiwadanganye. Huja ukabisha hodi, ukakuta nyumba ina Bwana, ukaondoka. Mimi bado naitwa shangazi, na ninaitika kwa furaha.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu unamchukia kwa sababu anapendwa, usimtumie fumbo. Mwambie Bwana leo, kisha umwendee yule mtu ukamwambie kwa mdomo wako. Bwana niliyemwamini ni mwaminifu, hatakuacha umepiga magoti peke yako. Amina.